Mkono Uliobaki Pembeni mwa Picha

Saa tatu asubuhi, na fundi picha amekwisha kosa raha. Anavuta ukingo wa picha kwa kipanya, kompyuta inafikiri kidogo, kisha upande wa kushoto anatokea mwanamke. Anamfuta. Anavuta tena. Anatokea mwingine, mnene, mwenye hereni. Wa tatu anakuja na vidole sita.

"Akina mama watatu, mkono mmoja," anasema huku akijikuna kichwa. "Sasa mimi nimpe mtu mama yupi?"

Wateja humwita Mzee Usitikisike, kwa neno analolisema kabla ya kubofya. Ana miaka sitini na minne, na thelathini na minane ameimalizia katika chumba hiki chembamba chenye pazia la buluu, kigoda na benchi la kusubiria. Zamani alipiga picha watu arobaini kwa siku. Siku hizi akipata wanne anashukuru, maana kila mtu ana kamera mfukoni. Kinachomweka mjini ni picha kuukuu, kurudisha sura zilizofifia na kufuta mikunjo. Binti yake ndiye aliyemletea kompyuta yenye programu ya kupanua picha ipite mwisho wake.

Picha inayomsumbua ililetwa wiki mbili zilizopita na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Ni yeye mwenyewe akiwa na miaka minne, ameketi kigodani, pekupeku, macho ameyatupa kando. Begani mwake upo mkono wa mtu mzima. Mkono tu, picha inaishia hapo.

Mama yake alifariki mwezi uleule picha ilipopigwa. Shangazi aliyemlea hakuwa na picha nyingine, ila alimhakikishia kwamba siku hiyo walikwenda studio wawili tu, mtoto na mama.

"Nimelala na mkono huu chini ya mto tangu utoto," anasema fundi cherehani. "Niliposikia kompyuta inaweza kumalizia picha, nikasema basi, sasa nitamwona mama."

Mzee alimtumia jaribio la kwanza kwa simu. Akajibu kwa sauti ya kilio: "Ndiye." Neno hilo lilimnyima mzee usingizi. Atakuwaje ndiye, na kompyuta haijawahi kumwona? Kesho yake akamtumia la pili, makusudi, mwanamke tofauti kabisa. Jibu likaja: "Ndiye huyu hasa."

"Hapo nikachanganyikiwa," anakiri mzee. "Nikaona namtengenezea mtu mama wa kubuni, naye anamlilia kweli."

Juzi ndipo alipokumbuka makopo ya biskuti. Hajawahi kutupa filamu hata moja. Amezipanga humo kwa miezi na miaka, na nyuma ya kila picha aliyopiga, hata hii ya fundi cherehani, aligonga namba ya filamu yake. Akalipata kopo, akautoa ukanda, akauinua dirishani.

Filamu ilikuwa pana kuliko picha. Mzee alikuwa na utaratibu wake: watoto wadogo hawatulii, kwa hiyo mkewe alichuchumaa pembeni na kuwashika bega. Wakati wa kusafisha picha, mzee aliziba pande kwa kadibodi ili mtoto aonekane yuko peke yake. Mkono ukigoma kuondoka, uliachwa.

Mwenye mkono alikuwa mkewe, marehemu miaka tisa sasa.

"Mkono nilioushika miaka thelathini," anasema, "sikuutambua. Wiki mbili nzima nautafutia mwenyewe."

Saa nne fundi cherehani anaingia, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Tangu juzi mzee hajajua aseme au anyamaze ampe mama wa kompyuta; ndiyo maana hata asubuhi hii alikuwa bado akivuta ukingo. Anamvutia kigoda, anakohoa, kisha anamweleza yote bila kuzungukazunguka.

"Kwa hiyo huyu si mama?"

"Siye, mwanangu. Ni mama watoto wangu."

"Miaka thelathini na minne namwamkia mke wako?" Hajui acheke au alie, na anafanya vyote viwili.

"Tulia kwanza," mzee anasema na kumgeuzia skrini. "Tazama upande wa pili, kule ulikokuwa unaangalia."

Upande wa kulia, kwenye benchi la kusubiria, kuna magoti mawili, na juu yake mikono miwili imeshika viatu vidogo. Basi. Ukingo wa filamu umekula kilichobaki.

Fundi cherehani anasogea mpaka pua inakaribia kioo. "Viatu vyangu," anasema. "Shangazi alinihadithia. Vilikuwa vipya, vilinibana, nikalia mpaka mama akanivua."

Mzee anashika kipanya lakini havuti. "Sikiliza. Nikivuta hapa, kompyuta italeta uso. Mzuri tu. Ila utakuwa uso wa kompyuta, si wa mama yako. Mimi sijui lililo jema. Sema wewe."

Fundi cherehani anaitazama mikono ile tena. Anarudi nyuma, anaketi kwenye benchi, lilelile, halijawahi kubadilishwa. Anaweka mikono magotini.

"Mkono haukuwa wake," anasema hatimaye, "lakini nilikuwa namwangalia yeye. Usimwongeze chochote. Isafishe ilivyo, kubwa, niitundike juu ya cherehani."

"Na mama watoto? Nimzibe?"

"Umkate tena? Safari hii usimkate mtu, mzee wangu."

Mteja akishaondoka, mzee anasimama akiyatazama makopo rafuni. Nyumbani ana picha moja tu ya mkewe, ile ya kitambulisho, amenuna. Binti yake humuuliza kila mara imekuwaje mke wa mpiga picha asiwe na picha. Sasa anasema atafungua kopo moja kila asubuhi kabla ya wateja, na kadibodi ameitupa.

"Makopo mia mbili na kumi na moja," anasema, akilifuta vumbi kopo la kwanza kwa shati lake. "Na yumo katika kila moja, pembeni, nilikomwacha."