Daftari la Sumu la Mzee Dozi

Mzee Dozi alitunza stoo ya dawa hospitalini miaka thelathini na moja, na hakuna kidonge kilichotoka humo bila sahihi. Alistaafu yeye, stoo haikustaafu. Nyumbani hata kopo la chumvi lilikuwa na tarehe, na mkewe alikwisha kuzoea. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Mjukuu wao alipokwenda shule ya bweni alimwachia babu paka wake, na babu akaahidi kwamba siku ya kufunga shule atamkuta mzima. Siku iyo hiyo akampeleka paka kwa daktari wa mifugo akaguliwe. Daktari akauliza wana mimea gani ndani. Kusikia majina yake akatikisa kichwa. Mshubiri utamtapisha tu, alisema, lakini yungiyungi ni habari nyingine: kipande cha jani, hata unga wa ua lake, huua figo za paka. Mzee Dozi aliandika yote hayo kwa mkono wake mwenyewe.

Yungiyungi lilikuwa la mkewe. Lilikaa chunguni miaka saba bila kuchanua, na sasa ndiyo kwanza lilikuwa na vitumba vinne. Kulitoa hakutaka hata kusikia. Basi mzee akafanya anachokijua. Chumba cha wageni kikawa stoo: vyungu vyenye sumu ndani, kufuli mlangoni, ufunguo shingoni mwake, daftari likining'inia kwa kamba. Aliyetaka kumwagilia aliandika jina la mmea, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sababu. Kwenye sababu mkewe aliandika "kiu". Siku ya pili akaandika "kiu ileile".

Paka naye alipewa sheria yake: kulala sakafuni, si kitini wala mapajani mwa mtu. Manyoya si kitu cha mchezo, alisema mzee, kwa sauti ile aliyofukuzia mende stoo.

Jumanne yungiyungi likachanua, na mkewe akafurahi hata akalisamehe kufuli. Mzee mwenyewe alilainika. Akawa anaingia mara mbili kwa siku, anaweka sahihi, anainama ananusa.

Alhamisi alasiri paka akatapika mara tatu, kisha akajikunyata chini ya meza. Mzee Dozi akamtia kikapuni, daftari kwapani, wakaondoka mbio, mkewe amevaa viatu visivyofanana.

Kwa daktari alilifungua daftari mezani. Paka hakuingia chumbani, alieleza. Kufuli lipo, sahihi zote zipo. Daktari hakulitazama. Alikuwa akitazama shati la mzee, kifuani, palipokuwa na vumbi la njano.

"Mzee, huyu paka analala wapi?"

"Sakafuni," mkewe akawahi kujibu. "Ndiyo sheria ya nyumba."

Hapo mzee angeweza kunyamaza, heshima yake ikabaki. Akamtazama paka, akamkumbuka mjukuu.

"Kifuani kwangu," akasema. "Kila siku saa nane, mama akienda kwa jirani. Leo alinilamba shati, nikadhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi kweli," daktari akasema, huku akitafuta mshipa wa dripu. "Ila yalikuwa na unga. Umesema mapema, tutapambana."

Paka alikaa na dripu siku tatu. Figo zikapona. Waliporudi naye, yungiyungi halikuwapo. Mkewe alikwisha kulipeleka kwa jirani asiyefuga hata kuku.

"Kule kwa daktari hukushangaa. Kumbe ulijua analala wapi?" mzee akamwuliza.

"Wiki tatu naokota manyoya kwenye shati lako, baba. Ulidhani nadhani ni yako? Nilikuwa nakufichia aibu tu."

Siku ya kufunga shule, mjukuu alimkuta paka mzima, na daftari bado linaning'inia. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa babu, ulisema: Paka. Kuingia kifuani, saa nane. Kutoka, atakapopenda. Na kwenye sababu, bibi alikuwa ameandika "kiu ileile".