Basi Liliondoka na Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kubana. Nikiwa ugenini naweza kubana mkojo tangu asubuhi hadi jioni, ili mradi nisionekane naelekea chooni. Najua si jambo la kuandika, lakini nikiliruka hili, hayo mengine yote hayataeleweka.

Baba ndiye aliyeanzisha safari. Kwetu asili ni Tanga. Tulihamia Dodoma ofisi ya baba ilipohamishwa, nami sasa niko kidato cha tatu, na kila likizo nilikuwa nalalamika kwamba huku hakuna bahari, hakuna pa kwenda, ni vumbi na upepo tu. Baba akachoka kunisikia. "Mwanangu, unausema vibaya mkoa usioujua," akasema. "Unajua nyumbani, shuleni na dukani. Likizo hii mtatembea."

Mtatembea, yaani mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye yuko darasa la kwanza na haoni haya hata chembe, anasalimia mpaka mbwa wa watu.

Basi tukatembea. Tulianza karibu, Zuzu, baba akatupeleka kuangalia treni zikipita. Halafu Mpwapwa, kwa rafiki mmoja wa mama, mwalimu wa mambo ya mifugo. Kule mdogo wangu alimkumbatia ndama shingoni, mimi nikabaki kwenye gari nimepandisha vioo, nikitazama pembe za mama yake ndama. Mwisho tukaenda Kondoa kwa mama mdogo, safari hii wawili peke yetu kwa basi. Mama mdogo akatupandisha Kolo kuona michoro ya kale. Ile njia ya mawe niliipanda kwa mikono na miguu. Juu kabisa kuna jabali limeinama kama linataka kuanguka, na chini yake, ukutani, watu wembamba wekundu, warefu, vichwa vya ajabu. Mwongozaji alieleza vizuri, ila mimi nilikuwa nawaza lile jabali tu. Mdogo wangu akamuuliza, "Sasa hawa walikuwa wanakojoa wapi?" Watalii wote waliojua Kiswahili wakaangua kicheko. Nilitamani mwamba unifunike kweli.

Kwa mama mdogo choo kiko uani, na kukifikia lazima upite kwenye benchi wanapokaa mumewe na rafiki zake kucheza karata. Sasa unaelewa. Siku ya kurudi Dodoma nilitoka pale nimebana. Stendi napo mlango wa choo ulikuwa na foleni ya vijana. Nikabana tena.

Tulikaa upande wa viti viwili, mdogo wangu dirishani. Kabla hatujafika mbali alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kwenye begi langu. Ndani ya begi ndimo ilimokuwa simu. Kila tuta tulilopanda nililihesabia maumivu. Kumwambia konda asimamishe sikuweza. Nilijaribu kuitunga ile sentensi kichwani, "Samahani kaka, naomba," halafu naomba nini mbele ya basi zima?

Mungu si mtu, mzee mmoja wa mbele akaomba kwa niaba yetu. Basi likasimama kwenye pori, bado hatujafika Haneti.

"Wa kuchimba dawa!" konda akapaza sauti. "Wanaume kushoto, akina mama kulia. Na mtu asiende kulima huko, tunachelewa!"

Nikamgusa mdogo wangu. "Nashuka kujisaidia, narudi sasa hivi. Usitoke hapa."

"Mm," akasema bila kufungua macho.

Akina mama hawakwenda mbali. Walifungua khanga, wakakingana, wakaendelea na soga zao kama wako jikoni. Mama mmoja mwenye ndoo ya asali, aliyekaa mbele karibu na dereva, akaniona nasitasita. "Njoo hapa binti nikukinge. Unakwenda wapi na miiba yote hiyo? Nani ana shida na makalio yako?"

Wakacheka. Hakuwa na ubaya, nakiri. Lakini uso uliniwaka, nikaona heri miiba. Nikapita kichaka cha kwanza, kupitia hicho bado niliona rangi ya basi. Nikapita cha pili. Nikashuka kakorongo kakavu, nikapanda upande wa pili, hadi nikapata mahali ambapo sikuona mtu wala basi, nami nikaamini sionekani. Nilikuwa naogopa nyoka. Nilikuwa nakanyaga na kusikiliza, nakanyaga na kusikiliza.

Mtu aliyebana tangu asubuhi hamalizi haraka. Nikasikia honi. Nikasikia konda akipigapiga bodi ya basi na kuuliza kama wanavyouliza siku zote, "Kila mtu amtazame jirani yake! Yupo?" Na basi zima likajibu, "Yupo!"

Jirani yangu alikuwa amelala.

Nilipanda korongo kwa mikono. Sketi ikanasa kwenye miiba ya mgunga, nikaivuta ikachanika. Nilipotokea barabarani basi lilikuwa ndiyo kwanza linatambaa kuingia lami, taratibu kabisa, namba zake za nyuma zinasomeka. Ningepiga kelele moja tu wangenisikia. Sikupiga. Niliinua mkono. Niliinua kama ninavyoinua darasani, kiwiko kimebanwa ubavuni, nikingoja mwalimu anione.

Basi likachanganya gia likaenda.

Ndipo nikaanza kukimbia, na ndipo sauti ikatoka, na haikuwa na maana tena. Nilikimbia mpaka kona, nikakuta barabara tupu inapanda kilima. Kimya cha lile pori sijui kukieleza. Niliwaza Dodoma, stendi, watu wote wale wanavyosukumana kushuka. Mdogo wangu ataamka. Ataniita. Akimkosa dada atamfuata yeyote atakayemwambia "njoo mwanangu", maana hamwogopi mtu. Namba ya mama hajaishika kichwani. Hiyo picha, mkono wake ndani ya mkono wa mtu nisiyemjua, ilinijia nikaona giza mchana kweupe.

Gari jeupe la ofisi likapita, vioo juu. Nilipunga mikono yote miwili. Halikupunguza hata mwendo. Lori likapita, likanipigia honi nikae pembeni.

Halafu pikipiki. Mwanaume mmoja, koti kubwa, na nyuma yake kiroba kilichofungwa mpira kikitokeza kichwa cha mbuzi. Akasimama. Mimi nikarudi nyuma hatua kadhaa. Mama amenikataza tangu nina akili: usipande pikipiki ya mtu usiyemjua, hata iwe mvua ya mawe.

"Shikamoo," nikasema. Nimechanika sketi, naamkia.

"Marahaba. Mbona unakimbia lami peke yako, kuna nini huko nyuma?"

"Basi limeniacha."

Akatazama pori, akatazama miiba kichwani mwangu, akacheka. "Ulikuwa unachimba dawa gani hiyo, ya kansa?"

"Mdogo wangu yumo ndani. Amelala. Ana miaka sita."

Kicheko kikakatika pale pale. Akamsogeza mbuzi. "Panda. Mshike huyu asianguke, anasubiriwa arusini."

Nilisimama. Nataka kusema ukweli hapa: sikupanda kwa sababu nilimwamini. Nilimwogopa vilevile, macho yake mekundu, mikono yake mikubwa. Nilipanda kwa sababu kubaki kulikuwa kunaogopesha zaidi. Nikajibana kati yake na mbuzi, mbuzi akilia sikioni mwangu, nikijaribu kukariri namba za pikipiki ambazo sikuwa nimeziona.

Tulikwenda kwa kasi, lakini kwa kitambo kidogo tu. Halafu akakata kulia, akaacha lami, akaingia njia ya ng'ombe.

Nikalishika koti lake kwa nguvu. "Tunakwenda wapi?" nikauliza, lakini kwa sauti ile yangu ya darasani, upepo ukaichukua. Matawi yalinipiga usoni. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Nikapima ardhi inavyopita chini, nikajiambia niruke. Ningeruka. Nilikuwa nimeshaachia mkono mmoja. Kilichonizuia ni kwamba nikivunjika mguu hapa, mdogo wangu atafika Dodoma peke yake kweli.

"Baba!" nikapiga kelele. "Unanipeleka wapi!"

Akashtuka, pikipiki ikayumba. "Ah! Sikio langu! Mbele kuna trafiki, sina helmeti, nikamatwe halafu basi tulipate lini? Tunatokea sentani, kwenye maduka ya Haneti, kwa nyuma; mabasi husimama pale."

Sikumwamini mpaka nilipoona bati la kwanza.

Na basi lilikuwepo. Limesimama mbele ya maduka likishusha mizigo ya mtu, watu wananunua mahindi ya kuchoma dirishani. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Niliingia mlangoni nikimpita konda, nikaenda mpaka kiti chetu.

Kiti kilikuwa kitupu. Begi halikuwepo pia.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Konda akaniangalia kama anasumbuliwa na abiria mgeni. "Si ulikuwa naye wewe? Kwani ulikuwa wapi?"

"Mliniacha! Mliniacha porini!"

"Nimeuliza, mkasema mpo wote!"

Yule mama wa asali akasimama, khanga ikamdondoka begani. "Jamani, mimi nimemwona yule mtoto anashuka na begi. Akamuuliza konda dada yangu yuko wapi. Ukamjibu nini wewe?"

Konda akajikuna shingo. "Nikamwambia labda yuko nyuma huko. Nilimaanisha nyuma ya basi, mama. Kwenye maduka."

Mama wa asali akageuka kunitazama, na nilivyomwona uso unabadilika nikajua tumewaza kitu kimoja. Mdogo wangu alijua nimeshuka porini. Nilimwambia mwenyewe. Nyuma, kwake yeye, ni barabara tuliyotoka.

Barabara ile ile ambayo mimi sikupita.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka mwenye pikipiki alikuwa amemfungua mbuzi na kumkabidhi muuza mahindi, akasema, "Panda, na safari hii ni lami." Nakumbuka nilikuwa naita jina la mdogo wangu kabla hatujaondoka sentani, kwa sauti ambayo sikuijua, watu wanatoka madukani kunitazama, na sikujali. Lori lilitupita likitokea tulikokuwa tunaelekea, bichwa lake kubwa, nikatazama matairi yake. Sipendi kusema nilikuwa natafuta nini kwenye yale matairi. Trafiki walitupungia tusimame, mwenye pikipiki akapiga kelele, "Mtoto! Mmeona mtoto?" na mmoja akaonyesha mbele kwa mkono, kama mtu aliyemwona mtoto akipita na akadhani ni wa kijijini.

Tulimkuta kwenye mteremko. Anatembea upande mbaya wa barabara, karibu na mstari wa katikati, analiburura begi langu kwa kamba, kiatu kimoja mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso kama mtu mzima aliyetumwa na ofisi. Aliponiona ndipo midomo ikaanza kucheza.

Nilimkamata kwa nguvu mpaka akasema naumia.

"Nilikuwa nakuja kukuchukua," akasema. "Mbona hukuniamsha?"

"Nilikwambia. Ukasema mm."

"Mimi nikilala sisikii! Wewe unajua sisikii!"

Mwenye pikipiki alikuwa ametupa mgongo, anatazama mbali. Tulirudi watatu, mdogo wangu mbele akishika usukani, ananiuliza kila mara, "Dada upo?" nami namjibu nipo, nipo, nipo. Trafiki hawakumsimamisha yule mtu. Nilimshukuru kwa maneno machache mno. Akanijibu, "Haya, nendeni, mbuzi wangu atakuwa ameshaliwa na wenye mahindi," akaenda zake.

Basi lilikuwa limetungoja; ndani mama wa asali alimhamisha mtu, akatuweka karibu naye, akamgombeza konda mpaka Mayamaya. Nikamwambia mdogo wangu alale. Akatikisa kichwa. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi, kichwa kinaanguka, akishtuka anakiinua tena na kunishika kifundo cha mkono. Kila basi lilipopunguza mwendo, vidole vilikaza.

Baba tulimweleza yote usiku ule ule. Hakutugombeza. Aliinuka akaenda kuzima televisheni ambayo haikuwa imewashwa.

Wiki iliyopita alitupeleka mjini kununua madaftari ya shule. Ni safari fupi, na kwa gari letu wenyewe. Zamani mdogo wangu alikuwa akilala hata kwenye foleni ya mataa. Sasa amekaa wima katikati ya kiti cha nyuma, mkanda kifuani, ananitazama mimi, hatazami dirisha. Nikamwonyesha mlima, nikamwonyesha ndege ikishuka. Akatazama haraka haraka, akarudisha macho kwangu.