Sikio la Byamungu

Shauri lote liligharimu franka elfu tatu na sikio moja. Franka zililipwa palepale, na nilizihesabu mara mbili. Sikio bado liko kwangu, kwenye droo ya meza ya kazi. Kila nikiwasha mashine ya kuvalisha picha plastiki, ile harufu ya plastiki inayoanza kuungua ikinipanda puani, mkono wangu huenda wenyewe kwenye droo kuhakikisha kwamba lipo. Sijawahi kumweleza mteja habari hii. Mteja akijua una hofu, anashusha bei. Ninyi hamjaja kupigwa picha, basi kaeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikiishi mtaa wa Mapendo, Goma, na tantine Zawadi, mdogo wake mama yangu. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba za majirani wote, na chumba cha mbele kilikuwa studio. Kulikuwa na pazia la bluu, kiti kimoja cha plastiki, na koti moja la suti ambalo nusu ya wanaume wa mtaa walilivaa siku walipotaka kuonekana wana kazi. Mgongo wa koti hilo ulikuwa umepasuliwa makusudi ili liwaenee wanene. Kwa wembamba tulilibana kwa pini. Kwa mbele lilikuwa koti la waziri. Kwa nyuma tulikuwa tunaona sisi peke yetu.

Nilitaka kuwa mpiga picha za sura. Harusi na mahafali sikuvijali, nilitaka nyuso tu. Tantine alikubali kunifundisha, ila hakunipa mtu. Alinipa kiazi. Nilikiweka juu ya kiti, nikakigeuza kutwa, nikitazama mwanga wa mlangoni unavyokiangukia shavuni, maana baada ya wiki mbili kilikuwa na shavu. Tantine alisema kiazi hakichoki, hakipepesi macho, wala hakiulizi picha itatoka lini. Nikishindwa kukipa sura kiazi, nisijaribu kwa mtoto wa mtu. Somo la pili lilikuwa la chini ya miguu. Ardhi ya Goma ni nyeusi, inameza mwanga, na mtu akisimama juu yake macho yake yanazama kama ya maiti. Kwa hiyo tulimtandikia mteja turubai jeupe, mwanga ukaruka kutoka chini na kumfungua uso. Kulitandika turubai hilo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kiazi changu kilichipuka machipukizi matatu, na bado sikuwa nimeruhusiwa kumpiga picha mtu.

Kuhesabu nilifundishwa na koko, yaani mama yake mama yangu, aliyeuza viazi soko la Virunga. Alikuwa akisema hesabu ya kwanza ni ya muuzaji, ya pili ni yako. Lakini koko huyohuyo hakukubali mtu ahesabiwe. Viazi, sawa. Mbuzi, kwa sauti ya chini. Watu, hapana. Kinachohesabiwa kinapungua, alisema, akatupa jicho mlangoni kana kwamba kuna aliyesimama pale akisikiliza. Jioni, akipakua chakula, alihesabu sahani, mara mbili, kisha akatuita. Sikuona ajabu yoyote katika zile sahani. Nilidhani anaogopa wezi.

Niliyachukulia hayo kuwa maneno ya wazee, hadi wiki ile ya wanajeshi.

Studio yetu ilikuwa inajua vita kabla ya redio. Kwa kawaida mwanajeshi wa kambi ya Katindo alikuja mmoja kwa wiki, amenyoa, anataka picha ya kumtumia mchumba. Wiki ile, Jumatatu walikuja kadhaa. Jumanne mstari ulitoka nje ya mlango. Kila mmoja alitaka picha moja tu, ya uso, bila kofia, ya kumwachia mke. Hawakubishana bei. Hilo lingepaswa kunitisha kuliko bunduki zao, lakini nilikuwa mtoto. Nilisimama na turubai langu mkononi, nikawahesabu kwa sauti, mara mbili, kama nilivyozoea: kumi na moja, kumi na moja.

 Sajenti mmoja mwenye mvi akanitazama, akauliza polepole, bila hasira yoyote:

“Unatuhesabu utupeleke wapi, mama?”

Tantine alinichapa vidole kwa rula ya kukatia picha. Watu si viazi, akasema, kisha akawaomba radhi mmoja mmoja.

Alhamisi malori yaliwapeleka kaskazini. Jumamosi wanawake watatu walikuja, kila mmoja na ile picha ndogo, wakiomba ikuzwe iwe ya kutangulia jeneza. Mmoja wao alikuwa mke wa sajenti. Tantine alizikuza bila kunitazama. Hakusema ni mimi. Hakusema si mimi, vilevile. Mashine ya plastiki ilifanya kazi mchana kutwa, harufu ikajaa nyumba nzima mpaka kwenye maharage, na mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba sitamhesabu tena mtu yeyote aliye hai.

Siku zile mlima nao ulikuwa na mambo yake. Moshi wa Nyiragongo ulikuwa umeinama upande wetu, vumbi jeusi likianguka juu ya nguo zilizoanikwa, na ardhi ikatikisika mara moja moja, kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Hatukukimbia. Ukikimbia kila Goma inapotikisika, utazeekea barabarani.

Jumatatu iliyofuata tantine alishuka madukani Birere kutafuta karatasi za picha. Aliniachia agizo moja: mteja akija, angoje.

Aliyekuja hakuwa mtu wa kungoja. Alikuwa mama wa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia Rutshuru, ametembea kwa miguu hadi Mapendo na wanawe. Walimwita Mama Esperansi, kwa jina la binti yake mkubwa. Alieleza shida yake kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi. Walipokimbia mara ya kwanza, njia iligawanyika, na mtoto mmoja akapotea siku mbili. Kila aliyemuuliza njiani alimuuliza naye: huyo mtoto yukoje? Ndipo akagundua kwamba hawezi kueleza sura ya mtoto wake. Ana macho, ana pua. Mtoto wa nani hana? Sasa milio ya bunduki ilikuwa inasogea tena. Alitaka picha ya kumtafutia mtoto, aipate kabla mtoto hajapotea.

Mimi nikaona bahati yangu imeingia kwa miguu yake. Nyuso halisi, tena nyingi. Sikumwambia angoje. Nilimtajia bei ya kichwa: kila mtoto picha yake, franka elfu moja. Nataka mjue kwamba hilo ndilo lililokuwa jambo la kufanya, ingawa nililitaja kwa ajili ya pesa.

“Batoto beko ngapi, mama?”

Aliwapitishia macho wanawe.

“Beko bote,” akasema, yaani wako wote.

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba bei ya kichwa inahitaji vichwa, nikamkumbuka sajenti, nikaufunga. Tukapatana bila namba, kazi ngumu kuliko mnavyodhani: picha moja, wote ndani, franka elfu tatu. Kwa picha moja ile ilikuwa bei ya wizi, na nilijivuna. Yeye alitoa noti kwenye fundo la kitenge, na hizo nilizihesabu bila woga.

Nikatandika turubai. Nikawapanga wakubwa nyuma, wadogo mbele, Esperansi amechuchumaa katikati, mtoto mchanga mgongoni. Ndala zao zikakaa juu ya turubai kama zimepangwa dukani, za rangi mbalimbali, nyingine wa kulia haufanani na wa kushoto. Jicho langu lilitaka kuhesabu. Nikalilazimisha litazame macho, uso mmoja, kisha uso mwingine, kama nilivyofundishwa kwa kiazi. Betri tulikuwa tunaichajisha kwa jirani mwenye jenereta, na ilikuwa imebaki kijistari kimoja. Tantine aliruhusu kubonyeza mara tatu kwa mteja. Nikabonyeza ya kwanza. Kwenye ya pili ardhi ikatikisika, bati zikalia. Watoto wale hawakupiga kelele. Walikuwa wamesikia makubwa zaidi. Ya tatu nikaiweka akiba. Nilitaka tantine akirudi anisifu kwa kutunza betri.

Mama Esperansi akauliza kama wote wametoka. Nikatazama kioo kidogo cha kamera, nikaona nyuso zimefunguka vizuri, mwanga umekaa kila shavu.

“Bote beko ndani,” nikasema.

Hakuweza kungoja karatasi. Kambini kulikuwa na zamu ya maji. Alisema atarudi Alhamisi. Jioni tantine alichapa picha, akaanza kunigombeza, akaitazama, akaacha. Akasema mwanga ni mzuri. Ni neno nililokuwa nimelingoja tangu kiazi cha kwanza. Nikaivalisha plastiki mwenyewe.

Alhamisi, kabla ya saa sita, milio ilisikika wazi upande wa kaskazini, na barabara ikajaa magodoro yanayotembea juu ya vichwa vya watu. Katikati ya mto huo Mama Esperansi akachomoza mlangoni kwetu, wanawe nyuma yake, mizigo juu. Hakuomba maji wala pa kukaa. Akasema nimletee picha. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliitazama, kidole kikapita juu ya kila uso, kikarudi mwanzo, kikapita tena.

“Byamungu eko wapi?”

Nilidhani ananiuliza habari ya mtoto. Alikuwa ananiuliza habari ya picha. Kumbe zilikuwa habari moja. Byamungu, wa miaka sita, alikuwa ameshika kitenge cha mama yake hadi njia panda ya juu, na walipofika chini kitenge hakikuwa na mkono.

Tantine alifungua kamera. Kwenye picha ya kwanza kilemba cha Esperansi kilikuwa kimemfunika uso wote Byamungu, aliyesimama nyuma yake. Kwenye ya pili, ile niliyoivalisha plastiki, ardhi ilipotikisika alikuwa amegeuka kutazama mlango, na pembeni mwa kilemba kilitokeza kitu kimoja tu. Mama yake alikiwekea kidole. Akasema hili ni lake, jogoo alimdonoa akiwa bado anatambaa. Ndiyo, juu ya sikio kulikuwa na kipengo kidogo, kama cha ukingo wa stempu.

Alitoka na picha hiyo; nakala tuliyoichapa baadaye ndiyo iliyo kwenye droo yangu. Nilisimama mlangoni nikamwona akisimamisha watu waliobeba magodoro, mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha sikio.

Tantine hakunipiga. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema, “Ningekupiga, kama ningejua kosa ni lipi.”

Mimi pia sikulijua, kwa miaka mingi. Nilihesabu, watu wakafa. Nikaacha kuhesabu, mtoto akapotea. Mpaka siku tulipomzika koko, mimi nikiwa mtu mzima, nikapewa kazi ya kupakua chakula kwa watoto wa ukoo mzima, na nikajikuta nahesabu sahani. Mara mbili. Kijiko kilinibaki mkononi. Mwiko ule ulikuwa wa mdomo tu. Hakuna aliyeyakataza macho. Mama zetu walihesabu maisha yao yote, sahani, ndala mlangoni, vikombe, kila kitu kilichomzunguka mtu ila mtu mwenyewe. Na mimi nilikuwa na ndala zote zimepangwa mbele yangu juu ya turubai jeupe. Kila mguu ulikuwapo pale. Ningehesabu ndala, nikamwongeza mtoto wa mgongoni, kisha nyuso, ningejua kuna uso mmoja ninadaiwa, na betri ilikuwa na nafasi ya kubonyeza tena.

Na lile neno bote, nililodhani ni la kukwepa bei, nalo nimelielewa kwa kuchelewa. Namba inapungua. Bote haipungui, wakibaki wawili utasema bote, akibaki mmoja utatafuta namna ya kulisema.

Byamungu hajaonekana. Mama Esperansi anakaa Goma siku hizi, anauza makaa, na kila mwaka anakuja kwenye studio yangu na picha ile, plastiki imekuwa ya manjano, kuuliza kama kuna mashine mpya inayoweza kumtoa mtoto nyuma ya kilemba. Kila mwaka nilimjibu bado. Mwaka huu kijana wa studio ya ng'ambo ya barabara amepata kompyuta inayojua kazi hiyo. Niliipa nyuso za ndugu zake, na kabla ndazi halijaiva kwa mama wa jirani, Byamungu alikuwa ametoka: mzima, mzuri, anacheka, mwanga umekaa shavuni kuliko nilivyowahi kuuweka mimi. Nimehesabu masikio. Ni mawili, mara zote mbili. Yote laini. Jogoo hajapita hapo.

Atakuja Jumamosi. Picha zote mbili ziko kwenye droo, na mashine ya plastiki imeshapata moto. Ninyi mlio na watoto nishaurini, maana hapa siwezi kupatana peke yangu: akinyoosha mkono, nimwekee sikio la mwanawe, ama uso wa mtoto ambaye hakumzaa?