Sauti ya Kapteni Yoha

Adela aliolewa na mwanamume mwenye kigugumizi, na katika ndoa yao yote hakuwahi kummalizia neno. Yohanes akikwama, Adela aliendelea kukanda unga wa maandazi mpaka neno lifike lenyewe. Jioni akitoka shamba, Yohanes alisimama mlangoni kwao, mtaa wa Mshangano, akasema, "Adela, fu-fu-fungua, nimerudi." Mlango haukuwa umefungwa hata siku moja. Alipenda tu kupokewa.

Jirani yao Pankrasi alikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea video, na kazi yake ya pili ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za kigeni. Akapata CD za katuni moja ya kejeli kuhusu safari za anga: chombo chenye umbo la birika, maroboti walevi, na nahodha mwoga mwenye masikio mapana, anayejificha ndani ya friji kila yanapotokea madude ya nyota. Nahodha huyo Pankrasi akampa sauti ya Yohanes, kigugumizi na yote. Akamwita Kapteni Yoha.

Mtaa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Yohanes angesema nini? Yeye Mbena wa Madaba, Pankrasi Mngoni, makabila yenye utani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi. Ukinuna, wewe ndiye mwenye roho mbaya, si yeye aliyekuvua nguo hadharani.

Basi Yohanes akanyamaza. Dukani alionyesha kitu kwa kidole. Jioni alisukuma mlango akaingia kimya, naye Adela alilia jikoni akisingizia moshi.

Miaka ikapita hivyo. Tumbo lilipomshika, Adela alimpeleka zahanati. Mganga akamwuliza wapi panauma. "Ha-ha-ha..." akaanza Yohanes. Kijana mmoja kwenye foleni akamalizia kwa sauti ya Kapteni, "Ha-ha-hapa, kwenye friji!" Wagonjwa wakacheka, hata wale walioshikilia dripu zao. Yohanes akafunga kinywa, akamvuta Adela mkono, wakarudi nyumbani. Kesho yake tulimvika sanda.

Makaburini Pankrasi alifanya ya watani. Aliruka ndani ya kaburi, akajilaza, akapiga kelele, "Su-su-subirini, sijafa!" Alipewa kuku ndipo akatoka. Ndiyo mila, hakuna aliyemlaumu.

Baada ya matanga Adela akagundua jambo lililomtisha: hakumbuki tena sauti ya mumewe. Miaka ile ya ukimya ilikuwa imeifuta. Sauti pekee iliyobaki duniani ilikuwa ile ya kwenye katuni. Akaanza kuuza maandazi mlangoni pa kibanda, apate kuisikia. Watoto walicheka, yeye alifumba macho.

Siku moja akajikaza, akamfuata Pankrasi peke yake.

"Shemeji, nina ombi. Usinicheke."

"Sema, shemeji."

"Kwenye hiyo mashine yako, nisemee maneno yake ya jioni. 'Adela, fungua, nimerudi.' Unitilie kwenye simu nisikilize nyumbani. Basi."

Pankrasi alimtazama kwa huzuni, akamshika bega. "Niachie mimi. Jumapili baada ya misa njoo kibandani."

Adela alivaa kitenge chake kizuri. Kibanda kilijaa, naye akawekewa kiti mbele, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote asiyekuwa na shida yake. Katuni ikaanza. Kapteni Yoha akafungiwa nje ya birika lake, madude yanamfukuza. Akagonga mlango kwa masikio.

"A-A-Adela! Fu-fu-fungua, nimerudi!"

Mlango ukafunguliwa na dude jike lenye pua ya nguruwe, likamkumbatia likambusu.

Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Wote wakageuka kumtazama Adela, wapate kuona atanuna vipi. "Utani, shemeji!" Pankrasi akapaza sauti kutoka nyuma. "Utani tu!"

Adela hakugeuka. "Rudisha," alisema.

Pankrasi akabonyeza rimoti, kwa furaha kabisa. "A-A-Adela! Fu-fu-fungua, nimerudi!"

"Rudisha tena."

Akarudisha. Safari hii Adela aliinama kuelekea kwenye televisheni, akajibu kwa sauti yake ya kila siku, ile ya jikoni:

"Haujafungwa, Yohanes. Sukuma tu, baba, uingie."

Kibanda kizima kikacheka kuliko mwanzo.