Nyaya Nne za Plagi Siku ya Kumzika Bibi

Nilichomoa nyaya zote nne kwa mpigo. Haya, nimesema, chekeni mmalize, maana mbele huko hapachekeshi, hata mimi mchekeshaji wa kidato cha tatu nimeshindwa.

Tulikuwa tunampeleka bibi mzaa mama kijijini Mamba kuzikwa, yule bibi aliyekuwa anafika kanisani kabla ya mwenye funguo, akakaa mlangoni kutusubiri sisi wavivu. Jeneza lilikuwa nyuma ya pikapu kuukuu ya petroli ya mjomba, mama na wamama wa kwaya wamelizunguka, na tangu Mpanda mjini gari lilikuwa linamisi, yaani linakohoa, linakata, linavuta kama limelazimishwa. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi, kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na jua.

Tulipofika Sitalike mjomba akasimama, akafungua boneti, akasikiliza. "Plagi moja haichomi, waya wa kuipelekea moto umepasuka. Nakwenda dukani kutafuta tepu, msiguse kitu." (Kasema wote, lakini aliniangalia mimi.) Sasa mimi nilishatazama video za ufundi kwenye simu mpaka bando likaisha, nikajiona injinia, nikachomoa nyaya zote nizifute vumbi na fulana yangu, nikafuta mpaka zikang'aa, halafu ndio nagundua zote zinafanana na sijui ipi imetoka wapi. Nikachomeka kwa kukisia. Nikaingia, nikawasha.

Paaa!

Ule haukuwa mlio wa gari, ni bunduki kabisa, na pale ni ubavuni mwa hifadhi, bunduki ikilia watu hawaulizi mara mbili. Muuza mahindi akalala chini, kwaya ikaruka kutoka nyuma vitenge vikipepea, askari wawili wa wanyamapori wakatokea mbio na silaha zao, "Wote chini! Nani kafyatua?" na mimi nikatoa mikono dirishani nikajibu kwa sauti ya kifaranga, "Ni plagi, afande." Nilipogeuka nikamwona mama. Hakuruka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya jeneza, amelikumbatia, anamkinga mama yake na risasi.

Utani wote ukaniisha.

Mjomba alirudi na tepu yake mkononi. Hakunipiga, bora angenipiga. "We mtoto, kila waya una plagi yake; unachomoa mmoja, unaurudisha, ndio unagusa mwingine." Yeye ni dereva, si fundi, akawa anapanga hivi, mlipuko, anapanga vile, mlipuko, mpaka akabahatisha mpango sahihi betri imeshachoka, tukasukuma liwake, wafiwa pamoja na wale askari (walishavua kofia zao), na jua likizidi kushuka.

Mamba tulifika giza limeingia. Wachimbaji wamekaa pembeni ya shimo na tochi, waombolezaji wengi wameshaondoka, mchungaji sauti imemkauka. Tukamzika bibi kwa taa za pikapu ileile, mjomba ndani anakanyaga mafuta zisizimike, na kila gari lilipokohoa, wimbo nao ulikatika.

Boneti ya mtu sigusi tena, hata nikibembelezwa. Udongo ulipoisha mama akaja akasimama mbele yangu, kitenge chake bado kina vumbi la lile jeneza, akasema:

"Mama yangu hajawahi kuchelewa mahali popote. Wewe ndiye umemchelewesha."