Viatu Nilivyoshona kwa Kipimo cha Kijiti

Siku ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala msharasi wa kutobolea ngozi. Fundi mkuu wa kibanda kile cha viatu pale Tunduma alinikabidhi beseni la maji na kitambaa, akaniambia nioshe miguu ya kila mteja anayelalamika kwamba kiatu kinambana. Nilikuwa nimetoka Isansa, wilayani Mbozi, na kiburi changu chote cha kumaliza shule, nikaona nimedhalilishwa. Wateja wa kutoka upande wa Zambia, ambao fundi aliwasalimia kwa Kibemba, "mulishani", kama ndugu zake, walinicheka waziwazi. Wiki mbili baadaye vidole vyangu vilikuwa vimezijua sugu, malengelenge na kucha zilizozama nyamani, kabla havijashika ngozi ya ng'ombe.

Mzee yule alikuwa mkali, hasa kwenye vipimo. Mteja alitakiwa asimame wima juu ya karatasi, tena alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kwa kutembea, ndipo uzungushe penseli. Siku moja nilimpima mama mmoja akiwa amekaa kwenye kigoda. "Ukimpima amekaa, umempima mtu mwingine," mzee aliniambia, akaichana karatasi yangu.

Kwetu Mbozi watu walikuwa na njia yao. Walivunja kijiti sawasawa na urefu wa wayo, wakakifunga uzi wenye jina, wakamkabidhi jirani anayekwenda Tunduma. Kijiti kinajua urefu tu. Hakijui upana, wala kifundo kilichotokeza kando ya kidole gumba. Fundi mkuu hakukubali hata kimoja. Alivichochea motoni chini ya birika la chai na kuagiza wenyewe waje na miguu yao.

Kazi ya kupunguza maumivu ilikuwa ya subira. Palipobana, nililowesha ngozi, nikaingiza kalibu, ule mguu wa mti wa fundi, nikaacha hadi kesho yake. Kiatu kigumu sana nilikijaza mfuko wa nailoni wenye mahindi makavu na maji kidogo. Mahindi yakivimba, ngozi inaachia. Mwenye sugu nilimkatia kipande cha blanketi, nikakitoboa katikati ili sugu ikae hewani. Na wengine niliwaambia ukweli tu, kwamba kiatu kile si chao, wampe mdogo wao. Hao ndio walionuna zaidi.

Baadaye niliajiriwa kwenye karakana ya hospitali moja ya milimani, kushona viatu vya wagonjwa. Nilikuwa chini ya muuguzi kiongozi wa kliniki ya kisukari, mama mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia. Alinifundisha kwamba sukari ikikaa mwilini muda mrefu, miguu hufa ganzi. Kiatu kinachubua, mtu hasikii, anaendelea kutembea juu ya kidonda.

"Anayelia maumivu anaweza kusubiri kwenye benchi," aliniambia. "Asiyelalamika mlete kwangu kwanza."

Niliyaandika maneno hayo ukutani, juu ya meza yangu. Nasema hivyo ili msije mkadhani sikujua.

Dada yangu Eliza ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Aliolewa kijiji cha Ruanda, huko huko Mbozi, akalima kahawa na mahindi, na alipofika utu uzima akapata sukari. Binti yake alipokaribia kufunga ndoa, dada alitaka viatu vilivyoshonwa na mdogo wake. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, hakuweza kuondoka shambani, kwa hiyo alituma kijiti.

Ningeweza kwenda siku moja nikampime. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mguu wa dada naujua tangu utoto, na kwamba fundi wa miaka yangu haangushwi na kijiti. Nilitamani pia apendeze, nikavishona vyembamba mbele, vyeusi, vya kung'aa. Alivivaa kutoka kanisani hadi nyumbani, akacheza navyo mpaka sherehe ikaisha. Kisha akaniletea salamu: viatu havibani hata kidogo.

Nilifurahi. Nilikaa chini ya yale maandishi yangu ya ukutani, nikafurahi.

Alipoletwa hospitalini kwetu wiki chache baadaye, vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Mguu ulikatwa chini ya goti. Muuguzi kiongozi alipouliza chanzo, nilikuwa nimesimama pale pale, na dada akanitangulia. Alisema amechomwa na kisiki kwenye kahawa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo Ruanda nzima ilivyojua. Nami nilinyamaza miaka yote iliyobaki ya kazi yangu. Sikupokea kijiti tena, lakini nilinyamaza.

Siku ya kuniaga kazini nilimleta dada, akakaa mstari wa mbele na magongo yake. Mganga mfawidhi alinisifu sana. Alisema hakuna mguu hata mmoja uliowahi kuumizwa na kiatu changu. Watu walipiga makofi, na dada naye alipiga. Niliposimama kushukuru nilishindwa kuendelea kuficha. Nikawaambia habari ya kijiti na ya harusi, na kwamba kisiki hakikuwepo. Nilimwona dada akitikisa kichwa taratibu, akinizuia, nami nikaendelea mpaka mwisho.

Nilidhani nitajihisi mwepesi. Gari liliturudisha Ruanda hadi uani kwake. Nilimshika mkono ashuke, akautoa.

"Mguu wangu ulikwenda, nikasema sawa, angalau nimemtunzia mdogo wangu jina lake," alisema. "Leo umelitupa mbele ya watu wote. Sasa mimi niliutoa mguu kwa ajili ya nini?"

Nimestaafu, nina muda mwingi wa kufikiri, na kila Jumapili naenda kukaa naye. Ananikaribisha chai, tunaongea habari za kahawa na za wajukuu. Swali lile hajalirudia.