Mkungu au Mwarobaini

Uani kwetu Majengo hapakuwa na mti hata mmoja. Vita vikuu vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, mume wangu akishinda Kilindini kupakua meli, na mimi nikishinda juani na mavyaa wangu, yaani mamake, tukipika huku tumekunja nyuso. Mwisho tukakubaliana tupande mti. Mti gani, hapo ndipo tuliposhindana.

Mavyaa alitaka mwarobaini. Ni dawa, akasema, na kupukutika kwake si kwingi. Nikamwambia vijani vyake vidogo vitaingia katika mchele, tutakula wali mchungu. Mimi nilitaka mkungu, mti uzaao kungu, yale matunda ya kugonga kwa jiwe ule kiini. Majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, nayo ni mapana, unayaokota kwa mkono tu.

"Na kungu zikiiva?" akauliza. "Watoto wa mtaa mzima watakwea ukutani. Wataka nivae buibui ndani ya ua wangu?"

Mimi ni mbishi tangu kuzaliwa, lakini ubishi ule ulikuwa na hofu ndani yake. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa bila kupata mtoto, na majirani walikwisha anza kumtajia mavyaa wangu wasichana wa kumwoza mwanawe. Mwanamke asiyejua kama atakaa, apande mti wa nini?

Tukaamua kuijaribu miti yenyewe. Alasiri moja tulikwenda kwa shangazi yangu, mwenye mwarobaini. Kivuli chepesi, cha madoadoa, na upepo mzuri, kusema kweli. Kesho yake tukaenda Mbaraki kwa somo yake mavyaa, shoga yake wa zamani, mwenye mkungu. Kivuli kizito hicho! Mavyaa wangu alijinyoosha mkekani, akakoroma mpaka kahawa ikapoa. Alipoamka akakana katakata kwamba alilala.

Tulipofika nyumbani akatoa mche chini ya buibui lake. Wa mkungu. Tukachimba shimo, nami siamini macho yangu.

"Na watoto wa mtaa, mama?" nikamchokoza.

Hakucheka. "Mngu akikujaalia wako, watakwea wao. Asipokujaalia, tutagonga kungu sisi wawili, miye nawe. Mke mwingine simtaki uani mwangu."

Nililia palepale, mikono imejaa udongo, naye akanikemea nisiumwagie mche maji ya chumvi.